Pofu wa Pembe za Matawi

Jumatatu, 5 Aprili 1993

Nimenunua daftari hili leo sokoni Kongowea, na sababu ni moja tu: nataka ushahidi. Siku ya kuulizwa nani alisema nini na lini, sitaki kubabaika. Mimi Mwanatatu ni mkata vitambaa wa karakana yetu ya Mishomoroni. Nimekaa kwenye meza ya kukatia miaka kumi na moja, na nimeona wasimamizi watano wakija na kuondoka. Wote walianza kwa tabasamu. Huyu wa sita, Bi Nduku, amekuja kutoka Machakos wiki iliyopita na ameanza kwa maswali.

Leo kapita meza kwa meza na kijitabu chake. Kila mtu kamwuliza swali lile lile: "Unaweza kutembea umbali gani bila kupumzika?" Karakana nzima ni watu wa magongo, fimbo na miguu ya bandia. Hakuna mwenye akili timamu anayewauliza watu kama sisi swali hilo bure.

Ati kuna safari. Ati tutapelekwa kwenye ile mbuga ya wanyama iliyopandwa miti katika machimbo ya zamani ya mawe, tukawaone kwa macho wanyama tunaowashona. Basi la bure, chakula cha bure. Nikamwambia nitamjibu kesho.

Jumanne, 6 Aprili

Nimemwambia mita mia tano. Ukweli ni kwamba nikifika hamsini, makwapa yanawaka moto. Kaandika bila kuinua uso.

Alhamisi, 8 Aprili

Kesho ni sikukuu ya Wakristo, karakana imefungwa hadi Jumanne. Nimekaa nyumbani nikifikiri.

Karakana inashona wanyama wa vitambaa vya kanga waliojazwa sufi. Kiboko, ngiri, nungu, mamba na pofu. Wanauzwa kwenye duka la hoteli moja ya kaskazini na wengine wanasafirishwa ng'ambo. Mimi ndiye ninayechora karatasi za kukatia. Wengine wanafuata mistari yangu. Pofu, yule swala mkubwa kama ng'ombe, ndiye fahari yangu. Nilipoanza kazi nilikuta kadi ya rangi ndani ya sanduku la nyuzi lililotoka ng'ambo, ina picha ya swala mkubwa amesimama juu ya chumvi nyeupe. Msimamizi wa wakati ule aliniambia, "Tunataka pofu," nami nikamchukua huyo. Pembe zake zina matawi matano kila upande. Hakuna mwingine anayeweza kuzikata bila kuzichana, hata Jumwa anayeketi mbele yangu hawezi, na Jumwa ana mikono mizuri.

Kwa hiyo nikiulizwa Bi Nduku anataka nini, jibu liko wazi. Anataka meza yangu ampe mtu wake, na atasema mimi siwezi kutembea.

Jumanne, 13 Aprili

Mvua ya kwanza. Bati la karakana linapiga kelele hadi hatusikilizani.

Ijumaa, 16 Aprili

Leo nimemwona Jumwa akitoka ofisini kwa Bi Nduku. Jumwa tunakaa uso kwa uso mwaka wa tisa huu. Ametoka Ganze, miguu yake yote miwili ni dhaifu kuliko wangu mmoja, na kazi yake ni kujaza sufi na kushona macho. Chai tunakunywa pamoja, mkate wa boflo tunagawana. Nikamwuliza, "Mlikuwa na mazungumzo gani?"

Akasema, "Ya kazi tu, mwenzangu."

Kazi gani ya kushona macho inayotaka nusu saa na mlango umefungwa?

Jumatatu, 19 Aprili

Kaitwa tena. Dakika arobaini. Nilikuwa nikikata nungu nikaharibu miiba.

Jumatano, 21 Aprili

Safari ilikuwa iwe Jumamosi hii, imeahirishwa. Ati njia za mbugani zimejaa maji. Boga, mtunza ghala wetu, ambaye hapitwi na neno, ananiambia maboksi mawili ya wanyama yamerudishwa na hoteli na yako ofisini chini ya shuka. Nikamwuliza wanyama gani. Akasema shuka ni zito, hakuona.

Boga anaona hata yaliyo ndani ya mifuko ya watu. Nadhani naye kanunuliwa, au anaogopa.

Jumatano, 28 Aprili

Mvua siku ya nane. Nimefanya jambo leo na nitaliandika kama lilivyo.

Saa ya chai, Bi Nduku alikwenda benki. Nikawaambia wenzangu ninavyoona mimi. Nikawaambia hakuna safari. Kile kijitabu ni orodha, na mwenye kutembea kidogo ndiye atakayetangulia kuondolewa, maana kamati yetu huko Nairobi inataka karakana ya watu wanaoweza kukimbizana na kazi. Safari itavutwa na kuvutwa mpaka orodha ikamilike. Mama mmoja wa meza ya vifungo akaanza kulia, ana wanawe wanne. Nikawaambia dawa ipo: kila mtu arudi aseme anatembea mbali.

Na kweli wamerudi. Mchana kutwa wamepanga foleni kwa Bi Nduku kubadilisha. Boga, mwenye mguu wa mti, kasema kilomita moja. Bi Nduku alikuwa akifuta na kuandika huku kakunja uso.

Jumwa hakwenda. Alipoulizwa siku ya kwanza alisema, "Kutoka mlangoni hadi mezani," na hajabadilisha. Nikamwuliza kwa nini.

"Kwa sababu ndivyo ninavyotembea, Mwanatatu."

Mtu asiyeogopa orodha ni mtu anayejua hayumo. Hilo nililisema baadaye, Jumwa alipokwenda msalani. Nililisema kwa sauti ya chini, lakini nililisema: kuwa Jumwa ndiye anayempelekea Bi Nduku habari zetu.

Alhamisi, 29 Aprili

Watu wamehamisha vikombe vyao. Jumwa kanywa chai na mimi tu. Nilitafuta ubaya usoni mwake sikuuona, na hilo limenitia wasiwasi zaidi.

Jumanne, 4 Mei

Mvua.

Jumamosi, 8 Mei

Safari imeahirishwa tena. Si niliwaambia? Wananiangalia sasa kama mtu anayejua mambo. Nisiseme uongo, imenipendeza.

Ijumaa, 14 Mei

Bi Nduku kaja mezani kwangu. Kamshika pofu mmoja aliyekwisha kushonwa, kamgeuza huku na huku, kazipapasa pembe.

"Kazi safi sana," akasema. "Hii sura uliitoa wapi?"

"Kichwani mwangu," nikamjibu. Ile kadi ipo kwenye mfuko wa ngozi chini ya meza na haimhusu.

"Ulishawahi kumwona?"

"Bi Nduku, nimemkata miaka kumi na moja."

Akamweka chini polepole, akamtazama Jumwa, Jumwa akatazama sindano yake. Niliuona mtazamo ule. Usiku sikupata usingizi vizuri.

Jumatatu, 17 Mei

Nimemnunia Jumwa. Kaniuliza kama naumwa, nikasema siumwi.

Ijumaa, 21 Mei

Jua limetoka nusu siku. Mafundi wa bati wamekuja. Bado namnunia.

Alhamisi, 27 Mei

Safari ni Jumamosi. Bi Nduku katangaza mwenyewe na basi limelipiwa. Watu wote wamenigeukia. Nikasema tutaona.

Jumamosi, 29 Mei

Naandika jioni, lazima niandike leo leo.

Basi lilikuja saa mbili. Tulikuwa ishirini na sita. Langoni mwa mbuga tulipokelewa na mwongozaji, kijana aliyetoka Likoni kama nilivyotoka mimi, jina lake Mwidani, akaniamkia shikamoo vizuri. Pembeni palikuwa na mkokoteni mmoja kutoka Kongowea, mkokoteni hasa wa kubebea magunia ya viazi, umewekwa godoro, na mahamali wawili wanaungoja. Jumwa akapandishwa juu ya godoro. Watu wakatazamana. Mimi nikamnong'oneza Boga, "Umeona anavyoenziwa?"

Mahali penyewe, haki ya Mungu, sikupategemea. Ukiwa barabarani unaona miti tu. Ukiingia, ardhi inateremka kwenye shimo kubwa walipokuwa wakichimba mawe, na huko chini kuna msitu, mabwawa na majani marefu. Wanyama hawamo ndani ya vizimba. Kima walikuwa juu ya vichwa vyetu na mmoja akashuka akachukua boflo mkononi mwa Boga, kwa adabu kabisa. Nungu hatukumwona, tuliona miiba yake miwili njiani, na nikaokota mmoja nikaupima kwa kidole. Ninayemkata mimi miiba yake ni mifupi mno.

Njia imewekwa kokoto za matumbawe, na mvua ya wiki sita imezilainisha. Kila nikiegemea, magongo yanazama. Tulipofika kwenye bwawa la kiboko, damu ilikuwa imetokeza kwenye blauzi chini ya kwapa la kulia. Kiboko alitoa masikio na pua tu. Akapumua, akatutazama, akazama. Macho yake yako juu ya kichwa, kama nilivyoyaweka. Nilifurahi sana, nikageuka kumwambia Jumwa, kisha nikakumbuka kuwa namnunia.

Kutoka pale sikuweza tena. Nilijaribu hatua nne, nikakaa juu ya jiwe. Nyuma yangu njia nzima ilikuwa ni watu waliokaa chini, walioshika miti, Boga anamimina maji kutoka kwenye mguu wake wa mti. Hakuna aliyesema amechoka. Walikuwa wananitazama mimi.

Bi Nduku akaja, kalowa jasho. "Mwanatatu, uliniambia mita mia tano."

Nikapangusa matope kwenye gongo.

"Na hawa wote wakaja kubadilisha." Akafungua kile kijitabu, akanionyesha. Majina yetu yalikuwa upande mmoja, mita upande wa pili, na chini kabisa ameandika: mikokoteni minane. Minane imekatwa. Ameandika saba, tano, tatu, kila mtu alivyokwenda kubadilisha, mpaka ikabaki mmoja. "Nilikuwa nahesabu mikokoteni," akasema. "Mlidhani nahesabu nini?"

Nilitamani lile bwawa linifunike pamoja na kiboko wake.

Jumwa alikuwa amesikia. Akawaambia mahamali wasimame, akajishusha mwenyewe kwenye godoro kwa mikono, akakaa kwenye kokoto.

"Panda," akaniambia.

"Na wewe?"

"Mimi pofu nimeshamwona. Panda, umwone."

Nikapanda. Sikusema hata ahsante. Mahamali wakanisukuma, Bi Nduku na Mwidani wakitembea kando, tukatokea kwenye uwanja wa majani. Palikuwa na wanyama sita wamesimama kwenye jua. Wakubwa, rangi ya mchanga, wana nundu begani na ngozi inayoning'inia shingoni kama ya ng'ombe. Mmoja alitembea, na kila akiinua mguu magoti yake yalikuwa yanatoa mlio, tak, tak. Pembe zao ni mbili tu. Zimenyooka kwenda nyuma, zimesokotwa kama kamba.

"Hawa ni nani?" nikauliza.

"Ndio pofu hao, dada," akasema Mwidani.

"Majike, basi. Madume yako wapi?"

"Huyo anayetembea ndiye dume."

"Yale yenye pembe za matawi?"

Akafikiri, maskini, kwa nia njema kabisa. "Hao hawako kwetu. Hao wako nchi za baridi, zenye theluji."

Theluji. Miaka kumi na moja nilisema ni chumvi.

Bi Nduku akawaambia mahamali watuache kidogo. Akaniambia taratibu, hakunizunguka. Maboksi yaliyorudi yalikuwa ya pofu wangu. Duka la hoteli limesema wageni wanawacheka. Kamati ilishaamua aletwe mkataji mwingine mwezi ujao. "Jumwa ndiye aliyekuja kwangu," akasema. "Wiki niliyofika, kisha mara mbili tena. Aliomba wakupe nafasi umwone mnyama kwanza. Alisema ukiambiwa na mtu hutaamini, lakini ukiona mwenyewe hakuna atakayemkata vizuri kukushinda. Safari hii ni yeye aliyeiomba."

Nitaandika na hili, kwa kuwa nilisema daftari ni la ushahidi: wazo langu la kwanza lilikuwa, kumbe walinipangia. Hata pale. La pili ndilo lililoniumiza.

Wenzangu walifika mmoja mmoja, ilichukua karibu saa nzima. Kila aliyefika alimtazama mnyama, akatazama pembe zake, kisha akanitazama. Hakuna aliyecheka. Nikasimama kwa magongo. Nikasema, "Niliyekosea ni mimi. Nilimchora mnyama nisiyemjua."

Yule mama wa vifungo akasema, "Si kitu, Mwanatatu." Na kilichobaki, lile nililosema juu ya orodha na juu ya Jumwa, sikulisema. Jumwa hakuwapo. Alikuwa bado amekaa kwenye kokoto kule bwawani tulikomwacha.

Jumatatu, 31 Mei

Nimechora tangu asubuhi. Nundu imenishinda mara tatu. Ngozi ya shingoni nimeikata kipande peke yake, inaning'inia vizuri. Pembe nimezisokota kwa waya.

Jumwa kahamisha kiti chake dirishani. Kasema huko kuna mwanga wa kushonea macho.

Jumanne, 1 Juni

Idd kubwa. Nimevuka kwenda Likoni kwa ndugu zangu. Nimekula, nimecheka, nimerudi.

Alhamisi, 3 Juni

Kamati imekuja. Wamempokezana pofu mpya mkono kwa mkono. Mmoja alimtembeza juu ya meza kama mtoto. Wamekubali, hakuna mtu anayeletwa. Meza imebaki yangu. Bi Nduku kanipa mkono.

Nimekaa mezani hadi saa kumi na moja, na mbele yangu hakuna mtu. Nilidhani nitafurahi.

Ijumaa, 4 Juni

Nimewaambia watu saa ya chai, mbele ya Jumwa, kuwa niliyoyasema juu yake yalikuwa ya uongo na niliyatunga mimi. Boga alikohoa. Jumwa aliendelea kushona, akakata uzi kwa meno, akatoka.

Jumapili, 6 Juni

Nimekwenda kwa Jumwa. Chumba chake kiko Bombolulu, na katika miaka tisa sikuwahi kukanyaga. Alinikaribisha mara nyingi. Siku zote nilijiambia ana sababu yake ya kunikaribisha.

Nilibisha saa tisa alasiri, alikuwa ametoka kanisani anafua. Hakunifukuza. Akaniambia niketi kitandani, kiti kina nguo.

Nikasema niliyokuja kusema. Nilisema vibaya, nikirudia rudia. Alipoona sitamaliza akanikatiza.

"Nilisikia siku ile ile, Mwanatatu. Vikombe vilipohama, nilijua ni mdomo wa nani. Nilikaa nikingoja uje uniambie mwenyewe. Mwezi mzima."

"Na bado ukaniombea kwa Bi Nduku."

"Nilikuwa nimeshaomba kabla. Sikuona sababu ya kwenda kuyarudisha."

Nikamwuliza alimwona wapi pofu. Akasema ni kwao Ganze, utotoni; babake aliwahi hata kuleta pembe nyumbani, walikuwa wakiipiga kama baragumu. Kwa hiyo alijua tangu siku ya kwanza aliyoketi mbele yangu.

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuambia. Mwaka wa kwanza. Nikasema, 'Dada, pofu wa kwetu pembe zake si hivi.' Ukasema nataka meza yako, ukaninunia wiki mbili. Nikaacha."

Wallahi sikukumbuka. Nimekaa kitandani nikitafuta siku hiyo kichwani na sikuipata, na ninajua kuwa ni kweli kwa sababu ndivyo nilivyo.

"Umenisamehe?" nikauliza.

"Nimesamehe. Lakini kiti changu kitakaa dirishani. Nimechoka kutazamwa."

Nikashika magongo niondoke. Akasema chai iko tayari, mtu hatoki kwake bila kunywa kitu. Akanimiminia, akatia vijiko viwili na nusu bila kuniuliza, kama ninavyopenda, akanisogezea. Kisha akamimina chake, mikono bado ina povu la sabuni.

"Nitilie sukari na mimi," akasema, "mikono yangu imelowa."

Nikachukua kijiko. Miaka tisa tumekunywa chai meza moja. Nimejaza nusu ya daftari hili kwa kumchunguza, ametoka saa ngapi, amekaa dakika ngapi, amemtazama nani. Kijiko kikabaki juu ya kikombe chake, na sikujua nimtilie vingapi.

Nikamwuliza.